Boti Kuukuu na Petroli Iliyolala

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Septemba, pepo za kusi huanza kulegea katika visiwa vya Lamu. Mawimbi yaliyokuwa yakipiga miamba tangu mwezi wa Mei hupungua nguvu, na vyombo vilivyopumzishwa pwani, huko Kizingitini, Faza, Matondoni, Shela na Mokowe, huanza kutazamwa upya. Wenye vyombo hutia kalafati, hupaka mbao sifa, na hushona nyavu na matanga yaliyotoboka. Huo pia ndio wakati ambapo mwenye boti asiyeihitaji tena hutafuta mnunuzi, na mwenye haja ya boti hutafuta muuzaji.

Wanunuzi ni wa namna nyingi. Yuko kijana mvuvi aliyechanga fedha pamoja na ndugu zake. Yuko karani aliyepokea kiinua mgongo chake, naye anataka chombo cha kuvushia abiria. Yuko mkulima wa Hindi au Mpeketoni ambaye amechoka kulipa nauli ya maembe na korosho zake kila zinapovushwa kutoka Mokowe kwenda kisiwani. Hao wote hawana fedha za kununua boti mpya na mashine mpya, kwa hiyo hununua zilizokwisha kutumika. Hilo si kosa. Kosa huja siku ya kuijaribu mashine.

Aghalabu mambo huwa hivi. Boti hushushwa majini, muuzaji huvuta kamba ya kuwashia mara mbili au tatu, na mashine hunguruma. Moshi hutoka, maji hutiririka katika tundu lake dogo la ubavuni, na watazamaji husema, “Mashaallah, mashine ni nzima.” Fedha huhesabiwa, mikono hupeanwa, na boti imepata mwenyewe mpya. Laiti mnunuzi angalijua kuuliza swali moja tu kabla ya kutoa fedha zake: petroli iliyomo katika tangi hili ilinunuliwa lini?

MASHINE ILIKUJA BAADA YA TANGA

Kwa karne nyingi watu wa visiwa hivi hawakuwa na haja ya kuuliza swali hilo. Majahazi yao yaliendeshwa kwa tanga. Kaskazi iliwaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, na kusi iliwarudisha kwao pamoja na boriti za mikoko. Nahodha alijifunza kuzitazama nyota, mawingu, na maji kujaa na kupwa. Chakula cha chombo chake kilikuwa upepo, nao haukuwekwa akiba katika mtungi.

Mashine ya kupachikwa nyuma ya boti ni mgeni. Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norwei na kukulia Marekani, alianza kuuza mashine za namna hiyo mwaka 1909. Kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo jina lake linajulikana sana leo katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ilitoa mashine yake ya kwanza ya boti mwaka 1960. Tangu hapo safari ambayo zamani ilingoja upepo hufanywa kwa saa chache, na mgonjwa wa Kizingitini huweza kufikishwa hospitali ya Lamu siku ile ile.

Katika miaka ya karibuni haja ya mashine imezidi. Ujenzi wa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2021, uliwagusa wavuvi waliozoea kuvua katika ghuba ya Manda. Katika kesi iliyohusu mradi huo, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru mwaka 2018 kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi aliyekuwa akipata riziki yake karibu na nyumbani sasa hutazama mbali zaidi, nje ya miamba. Mwendo wa mbali hutaka mashine ya kutumainiwa, na mashine haiwezi kutumainiwa kuliko petroli inayoinywa.

PETROLI NAYO HUCHACHA

Watu wengi hudhani kwamba petroli ni kitu kisichoharibika. Huona kwamba wali wa jana huchacha na maziwa huganda, lakini petroli, maadamu imo katika mtungi uliofungwa, hudhaniwa kuwa itabaki vile vile hata mwaka mzima. Dhana hiyo si ya kweli.

Petroli si kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa mafuta mengi, mengine mepesi na mengine mazito. Yale mepesi ndiyo yanayoshika moto upesi wakati mashine ikiwa baridi, na ndiyo yanayotangulia kupotea hewani. Yale yanayobaki hukutana na hewa, na kwa msaada wa joto hugeuka polepole kuwa utomvu unaonata mfano wa vanishi ya mbao. Utomvu huo hushika kila mahali petroli inapopita.

Joto ndilo linaloharakisha kazi hiyo. Petroli katika chombo kilichokwisha kufunguliwa huweza kudumu kiasi cha miezi 6 mahali penye joto la nyuzi 20, lakini penye joto la nyuzi 30 hudumu kiasi cha miezi 3 tu. Na yeyote aliyeketi pwani ya Lamu wakati wa adhuhuri anajua mitungi iliyoachwa juani hupata joto la namna gani. Basi ifanywe hesabu nyepesi. Boti iliyopandishwa pwani mwezi wa Mei, kusi ilipokaza, ikashushwa mwezi wa Septemba, imekaa miezi 4. Petroli iliyosahauliwa ndani yake imekwisha kupita muda wake, hata kama siku ya kununuliwa ilikuwa safi kabisa.

Jambo la pili ni maji. Tangi lililojaa nusu lina hewa nusu. Mchana hewa hiyo hupata moto na kutoka, na usiku hupoa na kuingia tena pamoja na unyevu wa baharini. Zaidi ya hayo, miezi ya masika ndiyo miezi ya mvua nyingi, na kifuniko kilicholegea huruhusu matone kuingia. Kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, maji hushuka na kutulia chini kabisa ya tangi, mahali pale pale ambapo mpira wa kunyonyea huchota. Maji hayo yakiwa na chumvi, huanza kuila madini ya kabureta na kuacha unga mweupe au wa kijani.

Jambo la tatu ni udanganyifu. Petroli inayopita mikono mingi ndani ya mitungi kabla ya kufika kijijini huweza kuchanganywa na mafuta ya taa. Udanganyifu wa kuchanganya mafuta umeisumbua Kenya kwa muda mrefu, hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi yasiwe rahisi mno kiasi cha kuwatamanisha wachanganyaji. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli hupoteza nguvu na kutoa moshi mwingi inapolishwa mafuta ya taa.

KWA NINI HUWAKA PWANI NA KUZIMIKA BAHARINI

Sasa yafaa ielezwe kwa nini mashine yenye petroli iliyolala huweza kumdanganya mnunuzi. Siri imo katika kabureta, yaani kile chombo kidogo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika silinda. Ndani ya kabureta mna vitundu vyembamba sana vya shaba. Vingine hupitisha petroli ya mwendo wa polepole, na kimoja kikubwa kidogo hupitisha petroli ya mwendo wa kasi.

Utomvu ukikiziba kitundu cha mwendo wa polepole, mashine hukataa kutulia, na huzimika kila mwendo unapopunguzwa. Hilo ni kosa linalojitangaza lenyewe, na mnunuzi huliona papo hapo. Kosa la hatari zaidi ni kitundu cha mwendo wa kasi kikizibwa nusu. Boti ikiwa imefungwa gatini, bila mzigo wala abiria, mashine haihitaji petroli nyingi. Hunguruma vizuri, na kila mtu huisifu. Mbio za sakafuni, wahenga walisema, huishia ukingoni.

Ukingo wenyewe uko mlangoni, pale maji ya ndani ya visiwa yanapokutana na bahari kuu. Hapo boti imebeba watu na mizigo, maji ya bamvua yanavuta, mawimbi yanapanda, na nahodha anafungua petroli yote. Mashine inaomba kibaba kizima, inapata nusu. Huanza kukohoa, mwendo hupungua, kisha huzimika. Kama maji yanatoka, boti isiyo na mashine huvutwa nje. Kama upepo unapiga kuelekea miambani, husukumwa miambani. Mashine haikuchagua mahali pabaya pa kufia. Imefia pale tu ilipoambiwa ifanye kazi kwa nguvu zake zote, na katika bahari pahala hapo ndipo penye hatari.

Kuna madhara mengine tena. Mashine nyingi za wavuvi ni zile za mipigo miwili, ambazo hulishwa petroli iliyochanganywa na oili. Katika mashine hizo petroli ndiyo inayobeba oili mpaka ndani. Kitundu kikizibwa nusu, silinda hukosa nusu ya chakula na nusu ya kilainisho pamoja. Moto wake huzidi, pistoni hupanuka, huparuza, na mwisho hukwama. Mashine ambayo ingalitengenezwa kwa kusafishwa tu sasa inahitaji kufunguliwa yote, na gharama yake huweza kukaribia bei iliyonunuliwa.

CHUPA NYEUPE NI SHAHIDI

Ili kuepukana na balaa hilo, mnunuzi aanze na shahidi asiyesema uongo, nayo ni chupa nyeupe ya kioo iliyo kavu. Achote petroli kutoka chini kabisa ya tangi, aitie katika chupa, aiweke mahali penye mwangaza, na aiache itulie kwa muda. Kama imo na maji, yatajitenga na kuonekana chini, na mstari wa mpaka utakuwa wazi. Kama imo na kutu au takataka, zitashuka.

Kisha atazame rangi na kunusa. Petroli safi huwa nyangavu, na harufu yake ni kali ya kupanda puani. Iliyolala huwa na rangi ya hudhurungi, pengine mfano wa chai ya mkandaa, na harufu yake hupoteza ukali ikawa kama ya vanishi au ya kitu kilichochacha. Lakini asisahau kwamba oili ya mashine za mipigo miwili mara nyingi hutiwa rangi kiwandani, ya buluu, ya kijani au nyekundu, kwa hiyo rangi pekee isimhukumishe. Pua na chupa zishirikiane, na tarehe iwe hakimu. Muuzaji asipoweza kusema petroli ilinunuliwa lini, ihesabiwe kuwa imelala.

Wako watakaosema kwamba ni hasara kumwaga petroli, na kwamba inatosha kuongeza mpya juu ya ile ya zamani. Pengine itawaka kweli. Lakini petroli mpya haiyayushi utomvu uliokwisha kukauka katika vitundu, wala haiyafukuzi maji yaliyo chini ya tangi. Hata dawa za madukani za kuhifadhi petroli hutiwa katika petroli ikiwa ingali mpya; haziifufui iliyokwisha kuharibika. Mwenye kuona uchungu wa kupoteza lita 20 na apime gharama yake kwa bei ya mashine, kisha apime bei ya mashine kwa roho za watu watakaopanda.

KUSAFISHA KWA TARATIBU

Kazi ya kusafisha si ya miujiza, ila inataka subira na mahali safi. Kwanza ifanywe nje, penye upepo, mbali na jiko, taa ya moto na sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kujikusanya chini ya boti bila kuonekana, ukingoja cheche moja tu. Tena mtu asinyonye petroli kwa kinywa kupitia mpira, kama ilivyo desturi ya wengi, kwa maana tone likiingia mapafuni huleta maradhi makubwa. Na petroli iliyotolewa isitiwe kamwe katika chupa za soda au za maji, asije mtoto akainywa.

Tangi litolewe botini na kumwagwa lote katika chombo cha kuhifadhia mafuta. Lisuuzwe kwa petroli mpya kidogo, limwagwe tena, na lianikwe kivulini mpaka likauke. Mpira unaotoka tangini mpaka mashine upindwe na kutazamwa; ukiwa mgumu au una nyufa, ubadilishwe, kwa sababu mpira unaovuta hewa huizimisha mashine sawasawa na kabureta iliyoziba. Kile kitunguu cha mpira kinachobinywa kwa mkono nacho kiangaliwe. Kikibinywa, sharti kijae na kuwa kigumu. Kikibaki laini, mahali fulani pana tundu.

Baada ya hapo lifunguliwe chujio la petroli, lisafishwe au libadilishwe. Kisha ifikiwe kabureta. Chini yake mna skurubu ndogo ya kumwagia. Petroli itakayotoka hapo ikingwe na kutazamwa, kwani ndiyo inayosema kweli kuliko ile ya tangini. Ikitoka safi, ni dalili njema. Ikitoka hudhurungi yenye kunata, au isitoke kabisa, kabureta haina budi kuondolewa na kufunguliwa.

Anayeifungua atandike kitambaa cheupe na kuvipanga vipande kwa utaratibu alivyovitoa, mstari mmoja, ili avirudishe kwa utaratibu huo huo. Vitundu visafishwe kwa dawa ya kusafishia kabureta na kwa pumzi ya pampu. Visichokolewe kwa waya wa chuma, kwa maana waya hukipanua kitundu, na kitundu kilichopanuka hakirudi tena kipimo chake. Gasketi zilizokauka zibadilishwe. Mtu asiyewahi kuifanya kazi hiyo si aibu kumwita fundi, bali asimame karibu atazame, kusudi mwaka mwingine ajue.

Plagi nazo zifunguliwe, zipanguswe au zibadilishwe. Ikiwa kamba ya kuwashia haivutiki, isivutwe kwa nguvu, kwani huenda pistoni imeshikwa na kutu, na nguvu za bure huvunja.

Ndipo itiwe petroli mpya, iliyonunuliwa siku hizo hizo katika kituo kinachojulikana. Kipimo cha oili kifuate kitabu cha mashine. Katika mashine nyingi za mipigo miwili ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani lita 20 kwa oili ya nusu lita kasoro kidogo, gramu za mkono zikiachwa na kipimo cha chupa kikitumika. Mashine za mipigo minne, pamoja na zile zenye tangi lake la oili, hazichanganyiwi oili katika petroli. Mnunuzi ahakikishe kwanza ni ya namna gani kabla ya kumimina.

JARIBIO LA KWELI

Mashine isiwashwe katika hali kavu hata kwa nusu dakika. Pampu yake ya maji ina panka la mpira linalolainishwa na maji yenyewe, na likizunguka kavu huungua. Kwa hiyo ijaribiwe majini, nyuma ya boti, na yale maji ya tundu la ubavuni yaonekane yakitoka kwa nguvu.

Kwanza iachwe ingurume polepole kwa muda. Kisha, boti ikiwa imefungwa imara, itiwe gia. Ikistahimili hayo, iende katika maji ya ndani yaliyotulia, mathalan mbele ya mji wa Lamu au kati ya mji na Shela, ikiwa imebeba uzito unaolingana na wa safari zake, na ifunguliwe petroli yote kwa nusu saa. Hapo ndipo ukweli wa kabureta hujulikana. Chombo kingine kiwe karibu, na botini yawemo makasia, nanga yenye kamba ndefu, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu.

Dalili zisikilizwe. Mashine ikipunguza nguvu katika mwendo wa kasi, na kubinya kitunguu cha mpira kukaifufua, basi petroli haifiki sawasawa: pengine tangi, mpira, chujio au pampu ya petroli ina kasoro. Ikiwa kuvuta choki kidogo ndiko kunakoiongezea nguvu, basi yamkini vitundu vya kabureta bado vimeziba. Katika hali zote mbili safari ya nje ya miamba ingoje. Mnunuzi mwenye busara hufanya majaribio hayo kabla ya kumaliza kulipa, na muuzaji mwaminifu hayakatai.

MAFUTA MABAYA YATUPWE WAPI?

Linabaki swali la petroli iliyotolewa. Wengi huimwaga baharini usiku, au chini ya mikoko, au mchangani. Yote matatu ni kujidhuru wenyewe. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika Lamu, na katikati ya mizizi yake ndimo hukua kamba, kaa na samaki wadogo ambao kesho ndio riziki ya mvuvi. Petroli na oili huwaua wakiwa wangali wachanga.

Mchanga nao si jaa. Chini ya vilima vya mchanga vya Shela ndimo yanamohifadhiwa maji matamu yanayotegemewa na mji wa Lamu. Mvua hunyesha juu ya mchanga, hushuka polepole, nayo hutekwa visimani. Lile linalopitisha mvua hupitisha petroli pia, na kisima kilichoingia petroli hakisafishwi kwa ndoo. Wala isitumiwe kuwashia jiko au takataka, hasa katika vijiji vyenye mapaa ya makuti, kwani mvuke wake hulipuka kabla mtu hajaondoa mkono.

Njia iliyo njema ni kuiweka katika mtungi wa mafuta unaofunga barabara, ulioandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni petroli mbovu, na kuupeleka kwa fundi au kituo chenye pipa la kukusanyia mafuta machafu. Kijiji kinaweza kukubaliana kuwa na pipa moja kwa wote, likisimamiwa na kile kikundi cha kusimamia ufuo kinachojulikana kwa jina la BMU, kisha pipa likijaa lipelekwe mjini kwa chombo kimoja. Gharama ikigawanywa na wengi huwa ndogo.

KABLA YA KUSI NYINGINE

Aliyekwisha kuisafisha mashine yake mara moja hatapenda kuifanya kazi hiyo kila mwaka. Na hana haja, kama atakuwa na desturi ya kuiaga mashine vizuri kabla ya kusi. Siku ya safari ya mwisho, boti ikiwa bado majini, auchomoe mpira wa petroli na kuiacha mashine ingurume mpaka izimike yenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Kisha amwage ile iliyobaki katika kabureta kwa skurubu ya chini. Petroli ya tangini itumiwe au igawiwe mwenye haja nayo ingali mpya. Tangi libaki tupu na kavu, kivulini.

Katika miezi ya kazi anunue petroli ya kumtosha juma moja au mawili tu, asiweke akiba ya miezi. Mkulima mwenye pampu ya kumwagilia shamba anaweza kuyafuata mashauri hayo hayo, kwa maana pampu inayolala wakati wa masika hupatwa na maradhi yale yale, ila yenyewe huzimika shambani ambako mwenyewe huweza kwenda nyumbani kwa miguu.

Manahodha wengi wa Lamu, hata baada ya kupata mashine, hawakuacha kuchukua tanga. Wanajua kwamba bahari haishi zinge, na kwamba upepo hauchachi. Desturi hiyo ni ya kufuatwa hata na mwenye boti ndogo: tanga dogo na makasia mawili havichukui nafasi kubwa.

Lakini kinga iliyo rahisi kuliko zote haihitaji hata fundi. Ni kopo dogo la rangi na brashi. Kila mtungi unaojazwa uandikwe ubavuni siku na mwezi wa kununuliwa, na kila boti inayouzwa iambatane na karatasi inayosema mara ya mwisho mashine ilipowashwa na petroli ilipotiwa. Mwenye kujua kusoma na kuandika hana udhuru. Tarehe moja iliyoandikwa pwani, ikisomwa kabla ya kung'oa nanga, yatosha kuwarudisha watu nyumbani.